Nilivyowathibitishia darasa la tano kwamba sauti si upepo

Ukiwauliza wanafunzi wangu wa darasa la tano sauti inafikaje sikioni, jibu lilikuwa moja: "Inabebwa na upepo, mwalimu." Sentensi ya kitabuni, kwamba sauti ni mtetemo unaosafiri, walikuwa wameikariri barabara, ila upepo wao haukutoka kichwani. Nikaamua kubishana nao kwa vitu.

Nilikata puto, nikalivuta juu ya mdomo wa kopo la maziwa na kulifunga kwa mpira, kisha nikanyunyiza punje chache za mchele. Nikagonga sufuria kando yake, bila kuligusa kopo. Mchele ukaruka. "Si ndiyo huo upepo wenyewe!" akadakia mmoja. Hoja yake haikuwa mbaya hata kidogo.

Basi nikawaambia walaze sikio juu ya dawati, mwenzao akwaruze kwa ukucha upande wa pili. Mkwaruzo ambao ukiinua kichwa huusikii vizuri, kwenye mbao uliwajia kama uko ndani ya sikio. Upepo umepenya wapi humo? Kimya. Hapo ndipo nikachora chembe ubaoni: kila moja humsukuma jirani yake, kisha hurudi mahali pake, na kinachosafiri ni ule msukumo tu. Kwenye chuma chembe zimeshikamana kwa nguvu, kwa hiyo msukumo hukimbia zaidi ya mita 5,000 kwa sekunde. Majini ni karibu 1,480, na hewani, kukiwa na joto la nyuzi 20, ni 343.

Namba hizo hazikuwagusa mpaka tulipotoka nje. Nilimtuma mwanafunzi mmoja na debe hadi mbali barabarani, mita 340 hivi. Fimbo ilishuka, mlio ukachelewa. Wengine walidhani anawachezea, wakadai arudie. Saa ya kupimia sikuitumia, maana sekunde moja ni fupi mno kwa kidole cha mtoto, macho yanatosha. Siku za mvua wakawa wanahesabu sekunde toka radi imulike hadi ingurume, wanagawa kwa tatu, wanapata kilomita.

Mmoja akauliza kama watu wawili mwezini wanaweza kusikilizana. Nikasema huko hakuna hewa ya kupitisha sauti, ndiyo maana wanaanga walitumia redio.

"Si wangegusanisha tu zile kofia zao?" akasema msichana wa dawati la nyuma.

Ndiyo, wangesikilizana.