Siku wabunifu na watafiti walipokagua fomu moja

Kikao kile kilikuwa na sharti moja: asije mtu na slaidi. Watafiti wa mwingiliano wa binadamu na kompyuta walete makala moja ambayo wangependa ifanyiwe kazi, na wabunifu wa uzoefu wa mtumiaji walete ripoti moja ambayo tayari imetumika kuamua jambo. Mimi nilikuwa msimamizi, maana yake nilishika kalamu ya ubao na kuwazuia watu wasikatizane. Wabunifu walileta ripoti ya majaribio ya fomu ya kuweka miadi kwa simu. Washiriki watano, na ukurasa wa kwanza umeandikwa kwa herufi nene: asilimia 60 ya watumiaji wanashindwa kuchagua tarehe.

Mtafiti mmoja alisoma mstari huo, akavua miwani. "Watu watano?"

"Watano wanatosha, Daktari. Ndivyo tulivyofundishwa."

Ubishi huu ni wa miaka mingi, na mara nyingi huishia hapo hapo, kila upande ukiondoka na uhakika kwamba mwenzake hajui kazi. Safari hii tuliupeleka ubaoni. Watano hao wanatokana na hesabu ya watafiti Jakob Nielsen na Thomas Landauer ya mwaka 1993. Chukua p, uwezekano wa mshiriki mmoja kukumbana na tatizo fulani. Toa kwenye moja. Jibu lizidishe lenyewe kwa lenyewe mara nyingi kama idadi ya washiriki. Kisha toa tena kwenye moja. Ukipatacho ni sehemu ya matatizo utakayoyaona. Katika miradi waliyoichambua, wastani wa p ulikuwa 0.31, na kwa washiriki watano jibu linakuja kama asilimia 84. Hiyo kila mtu anaikumbuka. Kinachosahaulika ni kwamba 0.31 ni wastani wa miradi ile, na fomu yako haijaahidi kufanana nayo. Tatizo linalompata mtu mmoja kati ya kumi, washiriki watano wana nafasi ya asilimia 41 tu ya kuliona. Ukitaka nafasi ifike 85, tafuta watu 18. Likiwa linampata mmoja kati ya ishirini, watano wanabaki na asilimia 23.

Mwandishi wa ripoti aliutazama ubao kwa muda. "Kwa hiyo tuliyoyaona ni yale makubwa, ambayo hata mtoto angeyaona."

"Na mlifanya vizuri kuyaona," akajibu yule Daktari, na hapo ndipo meza ilipolegea kidogo. Alikuwa amekubali jambo ambalo wenzake wa chuoni huliruka: kwa kuwinda matatizo, kurekebisha na kupima tena, watano watano ni njia nzuri kabisa. Kosa lilikuwa kwenye ile asilimia 60. Alipiga hesabu pale pale kwenye pembe ya karatasi. Watatu walioshindwa kati ya watano, kwa kiwango cha uhakika cha asilimia 95, maana yake kiwango halisi cha kushindwa kinaweza kuwa popote kati ya asilimia 23 na 88 hivi. Nambari yenye upana huo haifai kukaa kwenye ukurasa wa kwanza.

"Niifute?"

"Andika 'watatu kati ya watano', kisha eleza kila mmoja alikwama wapi."

Hilo la pili ndilo lenye faida, kwa sababu ripoti ilikuwa imeusahau mkwamo wenyewe. Tulipofungua rekodi ya skrini tuliona kitu kidogo sana: mshiriki anagusa tarehe, kalenda inafungwa, lakini tarehe inajitokeza chini ya kibodi ambayo bado imefunika nusu ya skrini. Anadhani haikuchukuliwa. Anagusa tena, na mguso wa pili unaifuta ile ya kwanza. Wawili kati ya wale watatu walifanya hivyo hivyo. Asilimia isingemwambia mwandaaji wa programu pa kuanzia. Sentensi hii inamwambia.

Ripoti ilikuwa pia na alama ya SUS, ile hojaji ya kauli kumi ya kupima urahisi wa kutumia mfumo, ambayo John Brooke aliitunga mwaka 1986. Wengi wanaitumia, na wengi wanaikosea kwa njia ile ile. Kauli za namba witiri ni za kusifu: toa 1 kwenye jibu. Za namba shufwa ni za kulaumu: toa jibu kwenye 5. Jumlisha zote kumi, zidisha kwa 2.5, upate alama kati ya 0 na 100. Alama hiyo si asilimia, ingawa karibu kila ripoti huiita hivyo. 68 ndiyo huchukuliwa kuwa wastani. Timu ile ilikuwa imeigeuza kauli ya nane iwe ya kusifu, kwa kuwa washiriki walichanganywa na kauli za kulaumu. Sababu ilikuwa ya haki. Hesabu, hata hivyo, haikuguswa. Mshiriki aliyekubali kabisa, yaani 5, alipata 0 mahali pa 4, na kauli hiyo moja ikamnyang'anya alama 10 nzima. Fomu ilikuwa inaonekana mbaya kuliko ilivyo. Mtafiti aliligundua hilo kwa kusoma tu karatasi ya hojaji, kabla hata hajaona jedwali.

Baada ya mapumziko zamu ikageuka, na nakiri niliifurahia zaidi. Makala ya watafiti ilikuwa safi, lakini jambo lililomhusu mbunifu lilikuwa karibu na mwisho, ndani ya aya iliyobeba thamani za p (si ile p ya ubaoni, bali nambari za kitakwimu za kupima kama tofauti inaweza kuwa ya bahati tu) na haikusema popote tofauti yenyewe ilikuwa sekunde ngapi. Wabunifu wakauliza maswali manne mfululizo. Washiriki walikuwa akina nani? Wanafunzi. Kifaa gani? Kompyuta ya mezani yenye kipanya. Walikuwa wameketi? Ndiyo. Tofauti ilibaki baada ya kuzoea? Halikupimwa. "Basi sijui nibadilishe nini Jumatatu," akasema mmoja wao, bila ubaya.

Mtafiti mwingine hapo akautaja mradi uliopewa jina la Ernestine, na nadhani ndio mfano bora uliowekwa mezani siku ile. Kampuni ya simu ya NYNEX, Marekani, ilitaka kuwanunulia wapokeaji wake wa simu vituo vipya vya kazi ambavyo iliaminiwa vingeharakisha huduma. Wayne Gray, Bonnie John na Michael Atwood walichora kila tendo la mpokeaji, jicho, kidole na sauti, na kuangalia matendo gani yanaweza kwenda sambamba. Makadirio yao yakasema vituo vipya vitakuwa vya polepole zaidi, kama asilimia 3. Majaribio kazini yakaonyesha asilimia 4. Sababu ilikuwa ya kushangaza kwa udogo wake: mashine mpya ilipunguza vibonyezo vilivyokuwa vikifanyika wakati mteja akiendelea kuongea, ambavyo havikuwa vikipoteza muda wowote, na kusogeza kingine mwishoni mwa simu, ambako kila mtu anakingoja. Na kwa kuwa sekunde moja ya wastani kwa kila simu ilikuwa na thamani ya takriban dola milioni 3 kwa mwaka, jibu lilisomeka na mtu asiyejua lolote kuhusu nadharia. Makadirio yalikuja na sekunde, na sekunde zikaja na gharama.

Kutokana na hilo tukatengeneza karatasi ya nusu ukurasa kwa ajili ya makala ile. Matokeo kwa sentensi moja. Nani walipimwa, kwa kifaa gani, wakifanya kazi gani. Ukubwa wa tofauti kwa sekunde au kwa idadi ya makosa. Mahali ambapo matokeo yasitumike. Mstari wa nne ndio uliochukua muda, maana mtafiti aliyezoea kutetea kazi yake mbele ya wahakiki hapendi kuandika kwa mkono wake ilipoishia. Aliandika mistari sita, mbunifu akaifuta ikabaki miwili: "Haijapimwa kwenye simu. Haijapimwa kwa watu wanaoitumia kila siku."

Kabla ya kuachana tuliikagua fomu ile kila upande kivyake, kisha tukalinganisha orodha. Zilikutana mahali pachache. Waliotaka kucheka walikumbushwa utafiti wa Rolf Molich uitwao CUE-2, ambao timu tisa zilipima huduma ya barua pepe ya Hotmail: matatizo 310, na robo tatu yake yaliripotiwa na timu moja moja tu. Kutofautiana kwetu kulikuwa kwa kawaida.

Lililokwama ni rekodi. Watafiti walizitaka, kwa kuwa watu watano wa timu hii wakiongezwa kwenye watano wa timu nyingine wanaanza kuwa sampuli. Haikuwezekana. Fomu ya ridhaa iliwaambia washiriki kwamba rekodi ni za kuboresha huduma pekee, na hakuna kamati ya maadili ambayo ingekubali zipelekwe kwingine baada ya tukio. Mwanasheria wa kampuni pia asingekubali. Tukaandika kifungu kipya chenye kisanduku chake pekee, kisichowekewa alama mapema: mshiriki anaruhusu au anakataa rekodi isiyo na jina wala uso kutumika katika utafiti, na akikataa anaendelea na jaribio kama kawaida. Wabunifu waliahidi kukiweka kwenye jaribio lililofuata. Swali la nani ataijaza ile karatasi ya nusu ukurasa kwa makala nyingine halikupata jibu: chuoni haimpandishi mtu cheo, na kwenye timu hakuna saa iliyotengwa kwa ajili yake.