Siku yangu moja Lamu, msimu wa kugeuza sola

Saa kumi na mbili na nusu asubuhi nishapiga mahamri na mbaazi niko njiani. Mie kazi yangu sola, na mwezi wa kumi ukiingia simu haitulii, kila mwenye stendi ya kugeuza, ile ya kuelekeza paneli kaskazini au kusini kwa msimu, anataka ageuziwe. Si jua lishavuka, hapa Lamu mwisho wa Septemba linapita utosini kabisa kisha linashika kusini mpaka Machi, sasa paneli iliyokuwa ikitazama kaskazini tangu Aprili imelipa jua mgongo.

Saa moja, mtaa wa Langoni. Hamali katangulia na mkokoteni wa reli za alumini, na reli ndefu kwenye vichochoro vyetu ni balaa, ukikutana na punda wa mchanga mmoja lazima arudi nyuma na huwa si punda.

Saa mbili tuko juu ya paa. Mwenye nyumba, Bi mkubwa, keshaweka chai. "Mwanangu, huyu kijana wangu wa Ujerumani kanambia muinamishe paneli digrii 35." Nikamwambia mama, kule ni sawa, jua la kwao mwaka mzima liko upande wa kusini, letu saa sita mchana haliachi utosi zaidi ya digrii 26 hata Juni. 15 yatosha. Halafu hesabu yenyewe: paneli ya mita 1.7 kwa digrii 15 mguu wa nyuma unainuka sentimita 44, kwa 35 unakaribia mita nzima, hapo huna paneli una tanga. Na upepo wetu una ujanja, kusi linavuma wakati paneli inatazama kaskazini, kaskazi likija paneli ishageuzwa kusini, yaani misimu yote miwili unaingilia mgongoni na kuinua. Ndo maana mie sikazi miguu ya mbele nikaona nimemaliza, ya nyuma ndo naifia.

Saa nne bado bolti moja. Aliyefunga mwanzo alitia chuma cha kawaida kwenye alumini, na chumvi hii ya bahari, basi alumini imetoka unga mweupe na kichwa cha bolti kimelika hadi spana ya 13 inazunguka bure. Tukatia mafuta tukangoja, wapi, mwisho grinda. Nikaweka bolti ya stenlesi 316, ile inayohimili chumvi, ghali lakini mwakani spana itaingia.

Adhuhuri, swala, wali na samaki, kausingizi kidogo.

Saa tisa Mkomani, bwana mmoja ataka stendi ya kugeuza sababu jirani anayo. Nikamuuliza, utapanda juu mara mbili kwa mwaka? Akacheka. Basi usinunue bana. Disemba saa sita mchana, paneli ya digrii 15 iliyosahauliwa ikitazama kaskazini inakosa kama asilimia 19 ya jua linalokuja moja kwa moja, iliyolala bapa inakosa kama 7 tu. Chukua ya kudumu, digrii 10, mvua ioshe vumbi na chumvi, hela iliyobaki tia kwenye bolti nzuri. Mafundi wenzangu hawapendi nikisema hivi, stendi za kugeuza ndo zina faida.

Akatazama ya jirani weee, kisha akauliza hiyo isiyogeuka bei gani, na kama kuna kupunguziwa.