Koti la Njombe, Jua la Karume

Barua ya uhamisho iliponifikia mwezi Februari, ikinitaka niripoti katika shule moja mkoani Njombe, mtu wa kwanza niliyempigia simu hakuwa mama yangu bali rafiki yangu fundi cherehani, ambaye kwa miaka mingi amekuwa akiniita Mwalimu, nami nikimwita Fundi. Hakunipa pole wala hongera. Aliniuliza tu kama nina koti, nami nikamjibu kwamba nina sweta mbili. Akacheka, akasema sweta za Dar es Salaam ni za kuvaa kwenye kumbi zenye kiyoyozi, kisha akaniamuru niwe tayari Jumamosi kabla ya adhana ya alfajiri, kwa sababu tungekwenda Karume.

Soko lenyewe jina lake ni Mchikichini, lakini watu wengi hulitaja kwa jina la uwanja wa mpira ulio jirani nalo, pale Ilala, mwendo mfupi wa miguu kutoka Kariakoo. Ni soko la mitumba, na neno mtumba maana yake ya asili ni mzigo uliofungwa, yaani robota. Siku hizi robota hilo huitwa belo. Mama yangu, ambaye ujana wake ulipita katika miaka ya mwanzo ya 1980, wakati nguo zilipokuwa adimu na watu wakipanga foleni kwa ajili ya doti moja ya khanga, huziita nguo hizi kwa jina la zamani, kafa Ulaya, na mpaka leo hawezi kulivaa gauni la mtumba kabla hajalifua mara tatu.

Tulifika kukiwa bado na giza. Hiyo ndiyo saa ambayo mabelo hufunguliwa, na anayechelewa huokota yaliyokwisha kupita katika mikono ya watu mia. Kijana mmoja alikuwa amesimama juu ya meza, taa ya betri ikiwa imening'inizwa juu ya kichwa chake, akinyanyua gauni mojamoja na kulitajia bei kwa sauti ya mnada, huku kina mama waliomzunguka wakinyoosha mikono na kuyarushia magauni mabegani mwao bila hata kuyakunjua. Wengi wao hawanunui kwa ajili ya kuvaa. Gauni linalochukuliwa pale kwa shilingi 4,000 litafuliwa, litapigwa pasi, na kufikia Jumatatu litakuwa linatembezwa maofisini mjini kwa 15,000. Pembeni, kwenye marundo ya bei ya chini, vijana walikuwa wakiimba "chagua, chagua", wito ambao umevuka mipaka hata Rwanda nguo hizi zikaitwa caguwa.

Nimekwenda sokoni na watu wengi, lakini kwenda na fundi ni jambo jingine kabisa. Mimi hutazama nguo, yeye hutazama kitambaa. Alikuwa akipita kwenye rundo huku akizungumza nami, uso ameuelekeza kwangu, na vidole vyake vikifanya kazi peke yake chini, vikibonyeza na kuvuta, hadi ghafla vikasimama na kutoa shati kubwa la kiume la mistari. Alichukua mashati sita ya aina hiyo kwa 1,000 kila moja. Aliponiona nashangaa alinieleza kwamba mgongo wa shati la mtu mnene unatosha gauni la mtoto wa miaka mitatu, na kwamba pamba kama ile, dukani kwa mita, hawezi kuipata kwa fedha hiyo. Soksi na nguo za ndani alizipita kwa kugeuza uso. Shirika la Viwango limepiga marufuku kuuzwa kwa nguo za ndani za mtumba, lakini zilikuwepo, zimepangwa kwa rangi.

Makoti yalikuwa mwisho wa kichochoro, na tulipofika huko jua lilikuwa limekwisha kupanda. Sijui kama kuna adhabu inayolingana na kujaribu koti la baridi chini ya paa la bati mwezi Machi. Hakuna chumba cha kujaribia. Unalivaa juu ya nguo zako, muuzaji anakushikia kipande cha kioo, na wapita njia wanatoa maoni. Nililipenda koti moja jeusi lenye vifungo vya rangi ya shaba, ambalo muuzaji aliapa kuwa ni sufu tupu. Bei yake ilikuwa 40,000. Fundi hakubishana naye. Alichomoa uzi mmoja kwenye pindo, akaomba kiberiti kwa mama aliyekuwa akikaanga maandazi jirani, akauchoma. Uzi ulijikunja, ukayeyuka na kuacha kipunje cheusi kigumu, kama plastiki. Akachomoa mwingine kutoka kwenye koti la kijivu lisilo na mvuto wowote, lililokuwa likiuzwa 20,000. Huo ulitoa harufu ya nywele zinazoungua, na majivu yake yalisagika kati ya vidole. Hiyo ndiyo sufu, akasema, kwa sauti ambayo ingefaa kuwa ya chini kidogo.

Muuzaji naye alikuwa amesikia harufu. Papo hapo koti la kijivu likawa 35,000.

Sijapata kumwona Fundi akijutia ujuzi wake isipokuwa siku hiyo. Ilibidi aanze upya, safari hii kwa kutafuta kasoro. Alionyesha kwamba vifungo viko upande wa kulia, kwa hiyo koti ni la kiume na mteja ni mwanamke. Akaonyesha tundu la nondo chini ya kwapa. Akaigeuza bitana ya ndani iliyochanika kuanzia bega hadi kiunoni. Muuzaji alishuka hadi 28,000, kisha 24,000. Katikati ya maelewano hayo, alipokuwa akituomba tumfikirie, alitaja kwamba moto wa Januari 2022 ulimkuta akiwa na mabelo mawili ambayo hajayafungua, na kwamba meza aliyoegemea ndiyo ya kwanza aliyoijenga baada ya pale. Hakulisema kwa kulalamika. Alikuwa akieleza tu kwa nini anakopa mzigo badala ya kununua. Fundi alinyamaza, akanikonyeza nitoe fedha. Ndani ya daladala ndipo aliponiambia kwamba alikuwa amepanga kuishia 18,000.

Kabla hatujaondoka, hata hivyo, alirudi peke yake kwenye meza ile na kulinunua lile koti jeusi la uongo kwa 6,000. Nilidhani jua limemwingia kichwani. Tulikunywa chai na maandazi kwa yule mama wa kiberiti, ambaye sasa alikuwa akilisimulia jaribio la uzi kwa kila mteja wake, kisha tukapanda gari la Tabata, tukiwa na makoti mawili mapajani na abiria wote wakitutazama.

Alikaa na koti langu siku tano. Nilipolifuata Alhamisi, lilikuwa na vifungo vya rangi ya shaba, na koti jeusi lilikuwa limelala pembeni ya cherehani, limenyofolewa kila kilichokuwa na thamani. Vifungo aliviacha upande uleule wa kulia, akidai kwamba kule ninakokwenda hakuna atakayekuwa na muda wa kuangalia. Bitana iliyochanika aliitoa yote na kuweka nyingine aliyoiunga kutoka kwenye mashati mawili ya mistari ya siku ile, na upande wa kushoto, ndani, mfuko wa shati ulikuwa umebaki kama ulivyokuwa, pamoja na kifungo chake kidogo cheupe. Nilimuuliza kama ameusahau. Akakata uzi kwa meno, akaniambia huo ni wa kuwekea nauli ya likizo ya Juni.