Nguvu Zilizowekwa Katikati

Ndugu zangu katika imani, assalamu alaykum warahmatullahi wabarakatuh.

Katika Sura Ar-Rum, aya ya 54, Mwenyezi Mungu anatueleza kwamba ametuumba katika udhaifu, kisha baada ya udhaifu akatujaalia nguvu, kisha baada ya nguvu akaleta udhaifu na mvi. Nimeirudia aya hii wiki nzima, na kilichonishika ni mpangilio wake. Udhaifu umetajwa mwanzo na mwisho, nazo nguvu zimewekwa katikati, kana kwamba aliyepewa nguvu amesimamishwa baina ya mtoto asiyejiweza na mzee asiyejiweza ili asimpe kisogo yeyote kati yao.

Hapa Lamu jumuiya za mitaa zimejengwa juu ya maana hiyo, hata zile ambazo mali yao yote ni daftari la michango na mtu mwaminifu wa kuliweka. Katika mazishi hatuna upungufu, alhamdulillahi. Nilipofiwa na baba yangu sikuulizwa hata shilingi moja: sanda ilikwisha kukatwa, waosha maiti walikuwa mlangoni, na vijana walikuwa makaburini wakichimba kabla sijamaliza kuwapigia simu ndugu zangu wa Mombasa. Harusini pia hutukosi.

Haja inaporefuka ndipo mikono yetu hulegea. Mjane hukaa eda, yaani muda wa kungoja baada ya kufiwa na mume, miezi minne na siku kumi, kama ilivyo katika Al-Baqara, aya ya 234. Siku tatu za matanga nyumba hujaa watu, na hitima ya arubaini watu hurudi, lakini siku hiyo eda yake haijafika hata nusu. Ikiwa marehemu alikuwa mvuvi na kusi inavuma, bahari imechafuka, basi hata shemeji zake, ambao nao ni wavuvi, hawana cha kumpelekea. Kwa hiyo jumuiya yetu imeamua kwamba mchele, unga na mafuta vimfikie mjane hadi siku ya mwisho ya eda, na kwamba ada ya shule ya mayatima isingoje mpaka watoto warudishwe nyumbani. Mama mjamzito wa Faza au Kizingitini naye amewekewa fungu la mafuta ya boti, kwa kuwa njia yake ya kuja hospitali hapa mjini ni bahari, na uchungu hausubiri mtu azunguke akikopa.

Lipo jambo moja zito zaidi ambalo nimesitasita kuliandika. Kijana aliyeingia katika dawa za kulevya yuko katika umri wa nguvu, lakini udhaifu umemkuta katikati, mahali ambapo hatukuutarajia, na kwa sababu hatukuutarajia tunamhesabia kuwa ni mkosa tu. Mama yake hufunga mlango ili majirani wasione. Tukipita anapokaa tunageuza uso, nasi tunajua kwamba akifa tutamwosha, tutamsalia na kulibeba jeneza lake kwa zamu mpaka makaburini. Nimejiuliza mara nyingi ni kwa nini bega langu liko tayari kwa jeneza lake ilhali ulimi wangu haujawa tayari kumtolea salamu. Habib Swaleh, mwanachuoni wa hapa Lamu ambaye Msikiti wa Riyadha hauachani na jina lake, aliwakaribisha kwenye darsa watumwa na watu ambao wenye nasaba wa mji huu hawakuwapa nafasi ya kusoma, na leo wanafunzi wa Riyadha wanatoka pande nyingi za Afrika Mashariki. Hakungoja watu wale wastahili kwanza machoni pa mji.

Kwa wazee, serikali ina mpango wa Inua Jamii, unaompa mwenye miaka 70 na zaidi shilingi 2,000 kwa mwezi, na vijana wetu huwasindikiza wazee kwenda kujiandikisha. Fedha hiyo inasaidia, ila haimgeuzi mtu kitandani. Katika Sura Al-Israa, aya ya 23, wazazi wanatajwa wakifikia uzee wakiwa kwako, na neno hilo "kwako" nimelifikiri sana, kwa kuwa watoto wa wazee wengi wa mtaa wetu wako Mombasa au Arabuni wakitafuta riziki. Hutuma pesa, Mungu awabariki, lakini aliye karibu na mzee ni jirani.

Mweka hazina ameniomba nikumbushe kwamba zaka huwekwa mbali na sadaka, kwa sababu zaka ina wenyewe wa aina nane waliotajwa katika At-Tawba, aya ya 60, na kwamba katika kila shilingi 1,000 za mali iliyofikia kiwango na kutimiza mwaka, 25 si zako. Sadaka ndiyo inayonunua mafuta ya boti.

Leo baada ya swala ya Ijumaa daftari litakuwa barazani. Ukurasa wa michango umejaa. Ukurasa wa wale watakaokaa na wazee saa moja kwa wiki, na ule wa watakaowatembelea vijana wetu walioingia katika dawa za kulevya, kwa jumla zina majina manne, na mawili kati ya hayo ni ya wanawake ambao wenyewe wametoka eda mwaka huu.