Niliacha vijikaratasi, nikaanza kukata viambishi

Naongoza Dungeons & Dragons, mchezo wa mezani wa kuigiza wahusika, na kila nilipouliza nizitumieje lugha za kubuni za mchezo huo, ushauri ulikuwa mmoja: lugha zinachelewesha mchezo, wape wahusika wote Lugha ya Wote, ile inayoeleweka na kila mtu, songa mbele. Ushauri wa mvivu huo. Goblini wote, hao viumbe maadui, wakieleweka, aliyechagua Kidwafu, lugha ya mbilikimo, wakati wa kuunda mhusika wake amekula hasara.

Kwanza nilijaribu vijikaratasi, nikajiona mjanja kweli. Adui akisema neno, naandika, nampa anayejua lugha. Naye anafanya nini? Anakisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, huku wengine wanne wakichezea dadu. Nikimaliza kuandika cha pili, meza imeshahamia kwenye soga.

Sasa kadi naandaa kabla ya kikao, maneno yasiyozidi 20, nakala mbili. Anayeijua lugha anapata nakala kamili, anaisoma kimya, ananirudishia, kisha anawasimulia wenzake kwa maneno yake. Akisahau kitu au akidanganya, shauri lake. Anayeibabaisha anapata nakala iliyokatwa, na hapo ndipo Kiswahili kinanibeba. Mwanzoni nilifuta kila neno la tatu. Likapotea jina la daraja, wakabaki wanabahatisha tu. Sasa nabakiza mizizi na majina, nakata viambishi. "Hatutafunga lango mpaka mateka wafike" inakuwa "…fung… lango … mateka …fik…". Wamefunga? Hawatafunga? Tusifunge? Ubishi wake mtamu. Irabu ya mwisho nayo ikatwe, maana -i ya "hawafungi" na -e ya "wafunge" zinafichua siri yote.

Wataniambia uchawi wa kuelewa lugha unaua haya yote. Hauui. Katika toleo la 5 la Dungeons & Dragons, lile la 2014, unadumu saa 1, na unakupa kuelewa, si kusema. Mlinzi akiuliza neno la siri, mchawi ameelewa swali vizuri sana, ila jibu hana. Maandishi lazima ayaguse, kama dakika 1 kwa ukurasa, na fumbo linabaki fumbo. Akiufanya kama ibada ili kuokoa nguvu zake, aongeze dakika 10. Mlinzi gani atamsubiri?

Kitu kingine wengi wanakiruka: katika toleo hilohilo, Kigoblini na Kiorki huandikwa kwa herufi za Kidwafu. Kwa hiyo anayesoma Kidwafu namruhusu atamke maandishi ya ukutani bila kuyaelewa. Akitamka jina la mtu anayemfahamu, shughuli imeanza.

Kujifunza lugha mpya, kanuni inataka siku 250 na sarafu 1 ya dhahabu kwa siku. Kampeni yangu, yaani hadithi nzima tunayoicheza kikao baada ya kikao, haifiki huko. Kila tukio ambalo mhusika ameisikia lugha na kujaribu kuijibu, naweka alama ya penseli pembeni ya karatasi yake. Alama 5, anababaisha. Alama 15, anapewa kadi kamili.