Siku moja maishani mwangu: kumpelekea mdai hati za mahakama, Arua, Uganda

Saa mbili asubuhi. Masjala ya mahakama ya Hakimu Mkuu inafunguliwa, nami, mpeleka hati wa mahakama, nachukua hati za leo. Ni maombi ya fundi mmoja wa ujenzi. Muuza saruji na mabati anamdai shilingi milioni 14, na alifungua ile kesi ya haraka ya Amri ya 36 ya kanuni za kesi za madai, inayompa mdaiwa siku 10 tu za kuomba ruhusa ya kujitetea. Asipoomba, hukumu inatoka bila yeye kusikilizwa. Fundi amewahi, akaambatanisha risiti za malipo anayosema hayakuhesabiwa. Sasa mdai naye lazima apate nakala, na kwa kuwa hana wakili, natakiwa nimwone yeye mwenyewe.

Nakagua kabla ya kutoka: muhuri, sahihi, tarehe ya kusikilizwa, risiti zote. Ukurasa mmoja ukikosekana, ugomvi utaanzia hapo.

Saa tatu na nusu. Dukani simkuti. Kijana wa kaunta ananiambia mzee yuko Vurra, mpakani, anasindikiza mzigo unaovuka kwenda Kongo. "Niachie mimi, kaka, nitatia sahihi."

Nimemshukuru, lakini sikumwachia. Yeye ni mwajiriwa wa dukani. Hakupewa mamlaka ya kupokea hati kwa niaba ya bosi wake. Wako wenzetu ambao wangeziacha pale, au wasingefika kabisa, kisha wakaapa kwamba wamemkabidhi mhusika. Jambo hili linaniuma sana. Nimeona watu waliojua kwamba wana kesi siku dalali wa mahakama aliposimama uani akihesabu viti na ng'ombe. Hukumu ya namna hiyo inaweza kutenguliwa hati zikithibitika hazikufika, lakini mpaka hapo mtu amekwisha kuuza nini ili amlipe wakili?

Simu sikupiga. Ukimwambia mtu kwa simu kwamba una karatasi za mahakama, unampa nafasi ya kulala Ariwara, upande wa Kongo.

Saa sita. Ugali wa enyasa na samaki wa angara kwa mama mmoja karibu na soko kuu. Fundi akanipigia akitaka twende wote akanionyeshe mzee. Nilikataa. Wenye deni kati yao wakikutana mlangoni, hakuna atakayesikiliza habari ya hati.

Saa nane. Mtaa wa Oli, nyumbani kwa mzee. Nimepitia kwanza kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la mtaa, kwa sababu mimi simjui mzee kwa sura, na hati ya kiapo ninayoapa kwamba nimemkabidhi lazima imtaje aliyemtambulisha. Mwenyekiti akakubali kuja. Tulimkuta mwana mkubwa wa mzee, mtu mzima anayeishi hapo hapo. Sheria ingeniruhusu kumkabidhi yeye kama baba hapatikani, lakini baba anarudi leo leo. Tukakaa kwenye mkeka, tukangoja.

Saa tisa na nusu. Pikipiki ikasimama. "Shikamoo, mzee." "Marahaba." Mwenyekiti akamtambulisha, nami nikasema kilichonileta. Mzee akawaka.

"Mimi ndiye ninayedai! Mimi ndiye niliyekwenda mahakamani! Leo mnaniletea mimi samansi?"

Wadai wengi husema hivyo, na sioni ajabu. Mtu ametoa mali yake kwa imani, amezungushwa miezi, halafu karatasi inamjia yeye. Nilimweleza taratibu kwamba hajashitakiwa. Mdeni anaomba asikilizwe, na yeye mzee ana haki ya kujibu kwa kiapo chake. Akikataa kupokea naweza kubandika nakala mlangoni na kesi itaendelea, ila ningependa azisome.

Akavaa miwani. Kwenye risiti ya tatu akanyamaza, kisha akamwonyesha mwanawe. "Sahihi ni yangu. Lakini hizi ni pesa za mabati ya nyumba nyingine, si za deni hili."

Sikusema kitu, si kazi yangu kupima nani mkweli. Nilifurahi tu kwamba neno hilo sasa litafika mbele ya hakimu. Akatia sahihi nyuma ya nakala yangu, na tarehe, na saa.

Saa kumi. Mjini tena, kwa kamishna wa viapo. Nimeandika yote: dukani sikumkuta, nani alimtambulisha mzee kwangu, wapi nilimkabidhi, saa ngapi, alisema nini kuhusu kupokea. Nimeapa, nimetia sahihi, nikawahi masjala kabla hawajafunga. Karani akagonga muhuri na kuweka kiapo ndani ya faili.

Nikiwa njiani mzee alipiga simu kuuliza majibu yake atayapeleka wapi. Nilimwelekeza dirisha lile lile la masjala, nikamshauri atafute wakili mapema. Maombi yanasikilizwa Alhamisi ijayo. Kesho nina samansi ya Koboko. Nimeshapatana na mtu wa bodaboda, tunatoka saa kumi na mbili.