Jinsi Tulivyouzuia Mto Usiimeze Barabara Yetu

Nilisimamia ukarabati wa barabara ya changarawe katika miteremko ya Uluguru, Morogoro, mahali ambapo kijito kimojawapo kinachoingiza maji katika Bwawa la Mindu hupinda na kuipiga barabara kwa upande wa nje wa kona. Kila masika ukingo ulimeguka, na udongo wake ukaenda kujaa katika bwawa ambalo wakazi wa mji hulitegemea kwa maji.

Pendekezo la kwanza lilikuwa kujenga ukuta wa zege kona nzima, nami nililipinga, kwa kuwa ukuta wenye uso laini hauyapunguzii maji kasi bali huyasukuma yakamege kingo za chini zaidi, kwenye mashamba ya watu. Tulipoukagua ukingo wakati wa kiangazi tuliona kwamba mto ulikuwa ukichimba kitako chake, na kwamba mtaro wa barabara yenyewe ulimwaga maji ya mvua juu yake hadi udongo ukalowa, ukawa mzito na kuporomoka.

Kwa hiyo tulianza na mtaro, tukauhamishia njia iliyosakafiwa kwa mawe. Kisha tukapanga gabioni, yaani vikapu vya waya vilivyojazwa mawe, kwenye kitako, nyuma yake tukiweka kitambaa kinachopitisha maji na kuzuia udongo. Mawe yalitoka machimboni. Sikuruhusu jiwe wala mchanga uchukuliwe mtoni, maana kitanda cha mto kikichimbwa, kingo huanguka. Saruji ya njia ya mtaro ilichanganywa mbali na maji, kwa kuwa maji ya saruji mbichi huua samaki.

Juu ya gabioni tuliulaza ukingo ili usiwe mkali, na mvua za vuli zilipoanza tukapanda majani ya vetiva kwa mistari inayofuata kontua, yaani usawa mmoja wa mteremko, shina hadi shina sentimita 15. Mizizi yake huweza kushuka mita 3, na aina tuliyopanda haienei kwa mbegu. Mikuyu ya zamani tuliiacha yote.

Mazungumzo na wenye bustani za mboga kandokando ya kijito ndiyo yaliyohitaji subira kubwa. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inalinda mita 60 kutoka ukingoni, lakini kuitaja tu hakumlishi mtu. Tulikubaliana kwamba walime nyuma ya mistari ya vetiva kwa muda huku wakitafutiwa maeneo mengine, wayakate majani hayo kwa matandazo, na wazibe mapengo kwa vichipukizi kila baada ya masika.